Kaunta buku ya Tekken: jinsi ya kumsoma kila mpinzani

Kazi yangu ni ufundi wa pedi na simu, Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Vijana wanaoniletea pedi mbovu, wakishajua kwamba nacheza Tekken, ile gemu ya kupigana mtu na mtu, huniuliza swali lile lile: "Kaka, Eddy anafungwaje?" Mwingine anamtaja King, mwingine Kazuya, wote ni wapiganaji unaowachagua ndani ya gemu. Nimejibu kwa mdomo miaka na miaka, na anayeulizwa akiwa ameshika pasi ya risasi hawezi kujibu vizuri. Kwa hiyo leo naandika yote, kwa utaratibu ninaoutumia mwenyewe kwenye banda la gemu Mwananyamala, kila jioni nikishafunga meza.

Ninaizungumzia Tekken 7. Ndiyo iliyomo kwenye mabanda mengi niliyokanyaga, kwa sababu mashine ni PS4, na Tekken 8 iliyotoka Januari 2024 haikutengenezewa PS4. Mengi ya msingi yanahamia kote kuwili.

Anza na pedi yako. Nasema hivi kama fundi. Kukinga pigo la chini unabonyeza mshale wa nyuma na wa chini kwa pamoja. Ndani ya pedi, chini ya mishale hiyo, kuna raba inayobana karatasi ya saketi, na raba ya pedi ya banda inachoka upesi. Ikichoka upande wa chini, ile nyuma-chini yako inasomeka nyuma tupu: mtu wako anakinga akiwa amesimama wima, ngwala inampitia miguuni, na wewe unaapa kwamba ulikinga. Nimefungua pedi za watu waliokuwa wanajilaumu miezi mizima kumbe raba imepasuka. Ingia sehemu ya mazoezi, washa maonyesho ya vitufe, bonyeza nyuma-chini mara 20, na utazame kioo kinasoma nini. Halafu angalia TV. TV za chogo tulizochezea Tekken 3 hazikuwa zinachelewesha picha. Hizi bapa nyingi zinachelewesha mpaka uingie kwenye mipangilio na kuchagua hali ya gemu. Mwombe mwenye banda aiwashe. Ni kazi ya dakika moja na inawafaa wateja wake wote.

Baada ya hapo jifunze kuhesabu fremu. Usiogope neno. Tekken inakwenda kwa picha 60 kila sekunde, na kila picha ni fremu moja. Ngumi ya kushoto ya haraka, ile ya kitufe cha skwea (mraba), kwa karibu wahusika wote inafika baada ya fremu 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Mpinzani akiikinga, aliyepiga anatangulia fremu 1, yaani anakuwa huru kupiga tena fremu 1 kabla ya mwenzake. Ikimpata, anatangulia fremu 8. Maana yake ni kwamba ukikinga ngumi hiyo halafu nawe ukajibu kwa ngumi ya aina hiyo hiyo, na yeye akapiga tena, yake itafika kwanza. Hakukushinda kwa mkono mwepesi, alikuwa ametangulia tu. Hapo ndipo watu wengi wa banda wanapoibiwa mechi nzima bila kujua: wanabonyeza wakati si zamu yao.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni adhabu. Teke la kuruka, lile la juu-mbele pamoja na kitufe cha duara, kwa wahusika wengi likikingwa linamwacha mpigaji nyuma kwa fremu 13. Una fremu 13 za bure, na ngumi yako inafika kwa 10. Hawezi kukinga, hawezi kukwepa, ni lazima ale. Akibaki nyuma kwa 15 au zaidi, wahusika wengi wana pigo la kumrusha hewani kwa muda huo, na hapo unachukua kombo nzima, yaani mapigo mfululizo kabla hajatua. Kwa hiyo kwa mtu wako, yeyote yule, yakariri mapigo matatu: la fremu 10, la kumrusha kwa fremu 15, na la kuinukia kutoka kuchuchumaa baada ya kukinga ngwala. Hayo matatu yanatosha miezi sita ya mwanzo. Mimi namchukua Paul tangu Tekken 3, na ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba zile ngumi zake mbili za haraka zisizo na sifa zinanipa ushindi kuliko ile ngumi kubwa inayofanya banda zima lipige kelele.

Sasa kaunta buku. Nunua ya kwire moja, usitumie simu. Simu itakuletea meseji katikati. Kila mhusika unayekutana naye kwenye banda lako mpe ukurasa wake. Wahusika wote wa gemu waache, anza na wale wanaochezwa mtaani kwako. Kwetu ni kama wanane. Juu ya ukurasa andika anataka nini: anataka kusimama umbali gani, na ni pigo gani angefurahi kulipiga kutwa nzima kama hakuna wa kumzuia. Katikati andika ukikinga lipi unachukua nini. Chini andika usimame wapi na ukwepee upande gani. Ukifungwa, kabla hujanyoosha mkono kutoa hela ya mechi nyingine, andika pigo moja lililokuumiza zaidi. Moja tu. Ukiandika matano hutatafuta jibu la hata moja.

Jibu linatafutwa kwenye sehemu ya mazoezi, na hii ndiyo hatua ambayo vijana wengi wanairuka kwa sababu banda linalipisha. Ongea na mwenye banda. Kwetu, saa mbili asubuhi hakuna mteja, na mama mwenye banda alinikubalia nusu saa kwa jero. Unamchagua mtu wako, unamweka mpinzani awe yule aliyekuumiza, unamrekodi akipiga ule mfululizo, kisha unaurudisha na kuukinga mara kumi, kumi na tano. Unajaribu ngumi ya fremu 10 baada ya pigo la kwanza, baada ya la pili, baada ya la mwisho. Unajaribu kuchuchumaa katikati. Unajaribu kukwepa kushoto, kisha kulia. Lile linalofanya kazi kila mara unaliandika. Lile linalofanya kazi mara moja moja unaliacha.

Nilijifunza utaratibu huu kwa sababu ya Eddy Gordo. Huyu Mbrazil alitokea kwanza kwenye Tekken 3, mwaka 1997, na nadhani hakuna mhusika aliyefukuza watu kwenye mabanda ya Dar kama yeye, kwa sababu kapoera yake inaonekana haina mwanzo wala mwisho. Dogo mmoja kutoka Tandale alikuja na Eddy wake akanifunga miezi mitatu mfululizo. Kwetu mshindi anabaki, aliyefungwa anatoa pedi na mia mbili inayofuata. Nilikuwa natoa pedi tu.

Kosa langu lilikuwa ni kumjibu Eddy akiwa katikati ya miguu yake. Nilidhani ninapoona miguu inazunguka nipige haraka kabla haijafika. Ukifanya hivyo unaliwa, kwa sababu anapolala chini mapigo yako yote ya juu, pamoja na ile ngumi ya haraka unayoitegemea, yanapita hewani juu yake. Ukurasa wangu wa kwanza wa Eddy una sentensi moja iliyopigiwa mstari mara mbili: akilala, sahau ngumi ya juu. Mpige teke la chini, au pigo la kati linaloshuka. Pigo dogo linatosha. Lengo ni kumwinua kutoka pale alipopapenda.

La pili lilinichukua wiki. Nilimrekodi Eddy akifanya ile mifululizo ya yule dogo na nikagundua kwamba inaishia mahali pachache tu: amesimama, amelala, au yuko kichwa chini miguu juu. Ukishajua mfululizo huu unaishia wapi, hofu inapungua kwa nusu, kwa sababu kila mahali pana orodha fupi ya yanayoweza kufuata. Yule dogo akilala alikuwa na mawili: ngwala, au teke la kuinukia. Nikaacha kupiga. Nikawa narudi nyuma hatua moja, fyatu-fyatu kwa mshale wa nyuma, teke linapiga hewa, halafu naingia. Siku nyingine nachuchumaa kukinga ngwala, na ngwala zake kubwa zikikingwa zinamwacha wazi mpaka unapata kumrusha. Niliposhinda mara ya kwanza sikushinda kwa kishindo. Nilishinda kwa kukinga, kungoja, na ngumi mbili mbili.

Na ukiangushwa na Eddy, tulia chini. Usiinuke kwa kubonyeza teke. Karibu kila mtu anainuka kwa teke, na mchezaji wa Eddy anaishi kwa hilo.

King ni somo jingine kabisa, na kwangu ni zuri kuliko yote, kwa sababu majibu yake yanaonekana kwa macho. Yule mwenye kichwa cha chui wa Mexico anataka akukaribie akukamate na kukubwaga. Kanuni ya kujinasua ni kuangalia mikono yake inavyokuja. Mkono wa kushoto ukitangulia, bonyeza skwea. Wa kulia ukitangulia, traiengo (pembetatu). Yote miwili ikija pamoja, skwea na traiengo kwa mpigo mmoja. Ile ya kukuzungusha kwa miguu kama mfuko wa mkaa inavunjwa kwa skwea. Ule mkamato wa kawaida usio na mbwembwe unavunjwa kwa chochote kati ya skwea na traiengo. Fanya zoezi la mikono tu: mrekodi King akikukamata kwa namna tatu, mwambie mashine ichague yenyewe, kaa dakika 15 kwa siku. Siku tatu za mwanzo hutaona kitu. Baadaye jicho linaanza kukamata bega kabla ya mkono.

Jambo la pili kuhusu King ni kwamba mikamato ya kusimama ni pigo la juu. Ukichuchumaa anakumbatia hewa, na wewe unainuka na adhabu kubwa. Lakini ndiyo maana anakutisha kwanza: ukizoea kuchuchumaa, atakupiga goti la kati, na pigo la kati linampata aliyechuchumaa. Kwa hiyo mpambano wa King mara nyingi ni kubahatisha nusu kwa nusu, na dawa ya kubahatisha ni kutofika pale. Kaa nje ya mkono wake. Mwenye Paul, mwenye Kazuya, mwenye Bryan, wote wana mapigo marefu ya kumzuia asiingie. Ukiona umeanza kubahatisha na King mara tatu ndani ya raundi moja, basi tatizo lako ni umbali.

Ukoo wa Mishima, yaani Kazuya, Heihachi, Jin na Devil Jin, unanihitaji nieleze jambo moja kwa urefu: ile ngumi ya umeme ya Kazuya. Watu wanaiogopa, na wana haki. Ukiikinga, bado yeye ndiye aliyetangulia, na kwa fremu kadhaa. Ikikupata inakurusha. Anaitafuta kwa ule mwendo wa kuteleza mbele, kichwa chini, tena na tena. Lakini ni pigo la juu. Ukichuchumaa inapita. Sasa, anajua unajua, kwa hiyo kutoka kwenye mtelezo uleule ana ngwala mbaya inayozunguka na kukulaza. Hapo ndipo wengi wanakata tamaa: nikisimama ngwala, nikichuchumaa ana la kati. Angalia gharama, siyo vitisho. Ile ngwala ikikingwa, anabaki wazi muda mrefu kiasi kwamba unamrusha na kumpeleka ukutani. Anahatarisha theluthi ya uhai wake kila anapoipiga. Kwa hiyo mimi nakubali kula umeme mmoja mmoja kwenye kinga, sibonyezi kitu baada yake, na kila raundi nachagua mara moja au mbili za kuchuchumaa kwa makusudi. Nikimkamata mara moja, ngwala inapungua mechi nzima. Na kwepa kushoto kwako, siyo kulia. Kazuya ana shida na mtu anayetembea upande huo. Fanya jaribio hili siku hiyohiyo, utaona umeme unapita begani.

Hwoarang nitamaliza haraka: mateke yake yana mapigo mengi ya juu katikati ya mfululizo, tafuta yapi, chuchumaa hapo. Na ukikutana na Paul kama wangu, kinga ile ngumi kubwa. Ikikingwa inaadhibiwa, ila tumia pigo lenye mkono mrefu, maana anabaki mbali kidogo.

Kuna swali ninaloulizwa na vijana waliofungwa sana: nibadili mtu? Mtandaoni watapata namba, mpambano huu ni 6 kwa 4, ule ni 7 kwa 3, yaani wachezaji wawili wenye uwezo sawa wakicheza mara 10, mmoja atashinda 6 au 7. Namba hizo zinawahusu watu ambao wote wawili wanajua kila kitu. Kwenye banda letu mpambano unakuwa 9 kwa 1 kwa sababu mmoja anaujua ukurasa wa mwenzake na mwingine haujui. Ukihama kutoka kwa Paul kwenda kwa Jin, unaanza upya kuujifunza mkono wako, na ukurasa wa Eddy bado mweupe.

Mfano ninaoupenda ni Arslan Ash, mchezaji wa Tekken, kijana wa Lahore, Pakistani. Mwaka 2019 alichukua ubingwa wa EVO Japani (EVO ni mashindano makubwa ya gemu za kupigana), na mwaka huohuo akaenda EVO ya Las Vegas akamfunga Knee wa Korea Kusini kwenye fainali. Ulimwengu ulishtuka. Mimi sikushangaa sana kwa sababu moja: michezo ya Wakorea na Wajapani ilikuwa kwenye video miaka mingi, kila mtu anaiangalia, lakini wachezaji wa Lahore walikuwa wanachezea kwao, na nje hakuna aliyekuwa amewasoma. Na Knee, bingwa mkubwa kama alivyo, alifunga safari hadi Pakistani kwenda kucheza nao mwenyewe. Alikwenda kutafuta ukurasa aliokuwa hana. Banda la Mwananyamala kwa macho ya mtu wa nje halina tofauti kubwa na chumba cha gemu cha Lahore: feni moja, viti vya plastiki, watu wanane wanaofungana kila siku. Ninaamini kwa moyo wangu wote kwamba kuna vijana Temeke na Tandale wenye vidole vya kutosha. Kinachokosekana ni kuandika.

Ukishaujua ukurasa wa mhusika, fungua wa mchezaji. Eddy wa yule dogo na Eddy wa mzee mmoja fundi bodaboda anayekuja Ijumaa ni watu wawili. Dogo akizidiwa anakimbilia kulala. Mzee akizidiwa anarudi nyuma hadi ukutani. Kwa hiyo raundi ya kwanza mimi naitumia kuuliza maswali. Naangusha ngumi moja, nakinga, naangalia anafanya nini mara ya kwanza anapokingwa, mara ya kwanza anapoinuka kutoka chini, na mara ya kwanza uhai wake unapopungua hadi mwili ukaanza kuwaka wekundu. Hilo la mwisho ni muhimu: wachezaji wengi wakiwaka tu wanaachia lile pigo la hasira hapohapo. Ukiwa na subira ukalikinga, unamrusha na mechi inaisha. Mtu akifanya jambo moja mara mbili katika hali moja, liandike; mara ya tatu mngojee hapo.

Kabla ya siku ya mashindano, zoea kucheza pande zote mbili za kioo. Aliyezoea kukaa kushoto anapowekwa kulia mikono inapotea, na hakuna atakayekusikiliza. Mahali pengi kanuni ni kwamba aliyeshinda gemu haruhusiwi kubadili mtu, aliyefungwa anaruhusiwa. Ukishinda gemu ya kwanza, fikiria mwenzako ana nani mwingine mfukoni, na upitie ukurasa huo wakati anachagua. Beba pedi yako mwenyewe, na waya wake.

Yule dogo wa Tandale tumefika mahali pazuri. Kati ya mechi kumi, sasa tunagawana. Jumamosi iliyopita akabadilika: alipozidiwa hakulala, alisimama, akangoja ngumi yangu ya pili, akakwepa, akanirusha. Mara tatu. Nimeandika kwenye ukurasa wake, mstari wa 31: "anasimama, anangoja ya pili", na alama ya kuuliza pembeni. Kesho saa mbili asubuhi nina jero yangu na nusu saa.